Upgrade ya 98 iliyonyamazisha ordinateur ya kanisa letu Kamina, na mtoto aliyekuwa anasubiri treni

Wakomapo, wakuu.

Ndivyo tunavyosalimiana kwetu Kamina. Jibu lake ni "eyo vidye", ila msijisumbue, najua mmekuja kusoma umbea.

Nimekuwa nasoma humu nyuzi za vijana wanaolia kwamba wame-upgrade mashine, interface ya kurekodia ikanyamaza, sasa wanatukana driver, wanatukana kampuni, wanamtukana hadi fundi aliyewauzia waya. Kurasa na kurasa. Nimecheka, halafu nikakasirika, halafu nikakumbuka.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Sitaongeza chumvi, ujinga wenyewe ulikuja na chumvi yake. Nitajaribu kuandika Kiswahili chenu cha shule, kikinishinda mtavumilia chetu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati wa vita.

Kwa msioijua Kamina, ni mji wa reli kusini mwa Kongo. Njia ya Lubumbashi, ya Kasai na ya Kabalo zinakutana pale. Nje kidogo iko Base, uwanja mkubwa wa ndege za kijeshi walioujenga Wabelgiji. Kwa hiyo vita ikianza popote, ndege zinapita juu ya mabati yetu na wakimbizi wanashuka stesheni kwetu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na saa za jioni nilisimamia studio ya kanisa. Sisi ni Wamethodisti, watu wa kwaya na chaki.

Neno "studio" lisiwatishe. Chumba kimoja nyuma ya kanisa, blanketi ukutani za kuzuia mwangwi, micro moja ya kurekodia, spika mbili (sisi tunaziita baffles), na ordinateur, yaani kompyuta, aliyotuachia mmisionari aliporudi kwao. Ndani ya ile ordinateur kulikuwa na kadi ya sauti ambayo mji mzima haukuwa na mfano wake. Kadi ile ndiyo ilikuwa studio. Vingine vyote vilikuwa fanicha.

Tulianza kwa kurekodi kwaya. Vita ilipokuja tukaanza kurekodi wazazi.

Watu walikuwa wanakimbia vijiji upande wa Malemba-Nkulu, risasi zinalia, watoto wanapotea njiani. Mtoto mdogo ukimuuliza jina la mama yake anakwambia mama anaitwa Mama. Jina hulipati. Lakini sauti ya mama yake anaijua hata usingizini. Basi mzazi anakaa mbele ya micro, anamwita mtoto wake, sisi tunahamishia kwenye kaseti, kaseti inapanda treni, na kila stesheni wanaipiga kwa kipaza sauti.

Sasa nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hamtaelewa kilichofuata.

Kila uvumi wa askari ukifika, wa upande wowote (mikono yao ya wizi ilikuwa ileile), sisi tulikuwa tunatawanya. Ordinateur inafunguliwa, kila mwanakwaya anaondoka na kipande. Screen inalala ghala la mahindi kwa huyu, keyboard chini ya godoro la mtoto mchanga kwa yule, waya ndani ya sufuria. Askari akikuta keyboard peke yake anaiacha, hajui aifanyie nini.

Na sheria ilikuwa moja: hakuna kuulizana. Usijue nani ana nini. Usichokijua, hata wakupige vipi, hutakisema.

Sheria nzuri kabisa. Iliokoa ile mashine mara nyingi, na ndiyo hiyohiyo iliyotufanya mabwege.

Basi akaja mama mmoja anaitwa Maman Numbi, katoka kule mtoni, upande wa Malemba-Nkulu, kwa miguu. Alikuwa amepoteza binti yake, Umba, wa miaka kama mitano, kwenye vurugu za kuvuka maji. Nilimrekodi mimi mwenyewe. Alimaliza, akafunga mzigo wake, akasema anarudi kumtafuta alikotoka. Tukamsihi akae, akatuangalia kama watu tusiojua kuzaa. Akaenda.

Kaseti zake zilipanda treni na hazikurudi. Sauti yake ikabaki sehemu moja tu, ndani ya ile ordinateur.

Uvumi mwingine ukaja, tukatawanya. Mimi malaria ikanilaza. Mambo yalipotulia, vipande vikaanza kurudi, na mimi bado niko kitandani nazungumza na ukuta.

Hapo ndipo anapoingia Injinia.

Alikuwa mpwa wa Papa Banza, mwenyekiti wa kamati ya kanisa. Treni zilikuwa zimekatika, akawa amekwama kwetu akisubiri ya kumpeleka Lubumbashi. Koti kamili kwenye joto la Kamina, mkoba mweusi, kalamu tatu mfukoni. Kuandika sikumwona hata siku moja.

Alikuta kamati inafunga mashine vipande vipande. Akauliza inatumia système gani, ile programu inayoendesha mashine. Wakamwambia 95. Wakuu, nasikia alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kanisa haliwezi kumtumikia Mungu kwa mambo ya kizamani. Akafungua mkoba, akatoa CD ya 98, na kwa kuwa mashine ndiyo kwanza imefungwa na hakuna aliyekuwa ameijaribu, akaanza kazi palepale.

Kamati ikasimama nyuma yake imefumbata mikono kama inabarikiwa. Debe tupu haliachi kuvuma, na kwetu likivuma kwa Kifaransa watu wanavua kofia.

Upgrade ikaisha vizuri. Picha za mawingu, rangi, kila kitu. Ila sauti hakuna.

Injinia akafungua orodha ya vifaa, akaonyesha jina la kadi yetu, na kando yake alama ya njano. Akatangaza: ni driver. Driver ya zamani haikubali système mpya. Atapata nyingine ndani ya CD zake.

Akaweka ya kwanza, akazima, akawasha. Kimya. Akaweka ya pili, ya kadi nyingine kabisa, eti zinafanana. Kimya. Siku zikaenda hivyo, groupe, jenereta yetu, inanguruma nje na kunywa mafuta tuliyokuwa tunayaomba kwa chupa.

Katikati ya sarakasi hiyo likafika kundi la watoto wasio na wazazi, wameletwa na Masœur (mtawa) mmoja Mkatoliki, mwanamke mkavu asiye na muda wa kupoteza. Treni ya kwanza ikipita, atawapeleka Lubumbashi kwenye nyumba kubwa ya watoto.

Kati yao alikuwemo msichana ambaye hakuwa anasema. Hakuwa bubu. Alikuwa ameacha kusema tu. Mkononi alikuwa na kovu la uji wa moto, na Maman Numbi alikuwa ametaja kovu la uji.

Wanakwaya wakamwambia Masœur. Akajibu kwamba kovu la uji kila mtoto wa Kongo analo. Wakamwita yule mtoto "Umba", hakugeuka. Alikuwa ameshaitwa majina mengi na watu wengi waliotamani awe wao, nadhani alikuwa amechoka. Masœur akasema: mnasema mna sauti ya mama yake, basi msikilizisheni. Akiitambua, namwacha kwenu. Asipoitambua, anapanda treni.

Mnaelewa uzito wake? Akishaingia ile nyumba ya Lubumbashi, kati ya mamia ya watoto, hana jina na hasemi, Maman Numbi atamtoa wapi? Mama mwenyewe hajui kusoma. Lubumbashi hajawahi kuiona.

Habari hizo nilizipata kitandani. Nikaamka, nikaenda studio.

Nikamkuta Injinia amekaa kwenye kiti changu. Nikauliza tatizo. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayemfundisha bibi yake kupiga mswaki. Kuonyesha kwamba baffles ni nzima, akaweka CD ya muziki, na kweli rumba ikatoka. Papa Banza akatikisa kichwa kwa furaha. Wamezunguka na ushahidi huo siku zote hizo: rumba inasikika, kwa hiyo kosa ni driver.

Nikaangalia waya wa baffles umechomekwa wapi.

Wakuu, ulikuwa umechomekwa mbele, kwenye kile kitundu cha headphone cha mlango wa CD. Wazee wenzangu mnakikumbuka. Kile kinatoa sauti ya CD peke yake, hakina habari na kadi wala driver wala système. Nikauliza kwa nini hakuuchomeka nyuma, mahali pake.

"Mwalimu," akasema, "hapa ni informatique. Hapana abécédaire."

Yaani hii ni kazi ya kompyuta, si a-be-che-de za watoto wangu wa shule. Nikazunguka nyuma ya mashine. Mahali pa kadi palikuwa na mwanya mtupu. Ningeweza kuingiza vidole viwili na kumsalimia panya.

Nikamwambia kadi haimo. Akasema imo, système inaiona, jina lake si lile pale kwenye screen? Nikamwambia marehemu naye jina lake liko msalabani, nenda ukamwombe moto wa kuwashia sigara.

(Jina lilibaki kwa sababu 98 ilipandishwa juu ya 95 na kurithi takataka zake zote. Alama ya njano ilikuwa inamwambia kitu hakipo. Yeye aliisoma kuwa kitu kinaumwa.)

Nikaomba tufungue boksi. Injinia akarudi nyuma hatua, akaeleza kwamba ingénieur hashiki tournevis (bisbisi), hiyo ni kazi ya watu wa chini. Papa Banza, mzee wa watu, akafungua skrubu kwa kisu cha jikoni. Ndani kulikuwa na vumbi na pengo.

Lile pengo lilinifurahisha, siwafichi. Mtu na koti lake alikuwa anatafuta dawa ya mgonjwa ambaye hayumo hospitalini. Na wazee wazima walikuwa wanamletea chai.

Lakini furaha yangu haikudumu, maana sasa kulikuwa na swali baya zaidi. Kadi iko kwa nani?

Hakuna aliyejua. Ndiyo sheria tuliyojiwekea wenyewe. Waliorudisha vipande walirudisha, mashine ikawaka, kila mtu akadhani vimetimia. Hakuna aliyehesabu, kwa sababu kuhesabu kungekuwa kujua.

Nikaanza kupita nyumba za wanakwaya. Jamani, nilionwa kama mpelelezi. Shemasi mmoja niliyemfundishia watoto wake alijifanya hasikii. Mwingine akaniuliza nimetumwa na nani. Walikuwa na haki, vita inafundisha watu kufunga midomo, ila muda ulikuwa unakwisha. Stesheni wakasema wameongea kwa phonie, ile redio yao ya mawasiliano, treni ya kutoka Kasai imeshafika Kaniama, njiani kuja kwetu.

Mwishowe mume wa Maman Julienne, kiongozi wa sauti za juu, akaniambia mkewe yuko shambani tangu tulipotawanya, njia ya Kaniama, anavuna karanga. Hakusema zaidi. Nikaazima baisikeli, na homa yangu, nikaenda.

Nilimkuta ameinama. Nikamwomba msamaha kwa kuvunja sheria, nikamuuliza. Akanyooka, akajifuta mikono kwenye kikwembe.

"Eeh. Minyi njo niko nayo."

Nikamuuliza, nadhani kwa ukali, kwa nini hakuirudisha.

"Mulifunga mashine bila kuniita. Nikasema pengine balipata ingine. Hakuna muntu aliniuliza."

Kadi ilikuwa nyumbani kwake mjini, chini ya kitanda, imefungwa nailoni na kitambaa ndani ya gunia la pumba. Askari huiba unga, pumba hawaibi. Yule mama alikuwa na akili kuliko kamati nzima, na kamati nzima haikumkumbuka.

Akaacha karanga zake, akapanda nyuma ya baisikeli, tukarudi.

Tukachomeka kadi. Sasa mnadhani ilifanya kazi?

Thubutu. Injinia alikuwa ameshajaza mashine madriver ya kadi za watu wengine. Yote yanadai mlango mmoja, yote yanasukumana kama watu kwenye dirisha la tiketi. Mashine ikaganda. Akapata nguvu tena, akasema mnaona, nilisema ni driver. Nikamwambia ndiyo, ni driver, na zote ni zako.

Nikaiwasha kwa mode sans échec, ile hali ya mashine kuamka na nguo ya ndani tu, nikafuta moja baada ya moja kila alichoweka. Nikamwomba Papa Banza diskette ya mmisionari, yenye driver ya asili. Injinia akainua kidole: driver ya 95 haiwezi kuingia ndani ya 98, ni kosa la kitaalamu. Nikaiingiza. Ikaingia bila kubisha hodi. Nikahamisha waya wa baffles nyuma, mahali pake.

Tulisikia treni inapiga honi ikiingia mjini.

Masœur akaja na msichana kamshika mkono, mkoba begani, yuko tayari kwa safari. Akasema fanyeni haraka.

Nikabonyeza. Kwanza kukasikika kikohozi. Halafu Maman Numbi akaongea. Alisema kwa Kiluba, nawawekea kwa Kiswahili chetu:

"Umba, ni mama. Ukisikia hii sauti, bakia pale uko. Usifwate bantu. Mama anakuya."

Mtoto hakulia. Hakukimbilia baffles, hakucheka, hakufanya lolote tulilokuwa tunalingoja. Alikaa chini. Hivyo tu, akakaa sakafuni kwenye simenti.

Masœur akamvuta mkono amwinue. Mtoto akashika mguu wa meza kwa mikono miwili. Na hapo ndipo kwa mara ya kwanza tulimsikia.

"Mama alisema nibakiye hapa."

Masœur akamwachia. Yule mwanamke mkavu alitoka nje akasimama nyuma ya mlango, na alikaa kule muda mrefu kuliko treni ilivyomruhusu.

Nafasi ya Umba kwenye behewa ikabaki wazi, na Injinia akaikalia. Sitanii. Pale stesheni alimpa mjomba wake mkono, akamwambia muendelee na 98, mmeona ilivyo imara. Papa Banza akamshukuru. Miaka mingi baadaye bado kuna watu Kamina wanasimulia jinsi mpwa wa mwenyekiti alivyoponya ordinateur ya kanisa. Mimi nikisikia huwa nahama kiti.

Umba alikaa kwa Maman Julienne. Alianza kusema kidogo kidogo, hasa kuhusu chakula. Kwenda mbali na kanisa alikataa kabisa, hata shambani hakwenda.

Mvua zilikuja, zikaisha. Maman Numbi alirudi siku ya soko, amekonda, mzigo uleule kichwani. Watu wakamkimbilia, wakampeleka hadi uani kwa Maman Julienne. Mimi nilikuwepo.

Sote tulitegemea mtoto arushe mikono. Hakurusha. Alisimama anamwangalia mama yake kwa hasira ya mtu mzima.

"Ulisema unakuya," akamwambia.

Maman Numbi akatua mzigo, akakaa chini kwenye vumbi mbele yake.

"Njo nimekuya."

Mtoto akafikiri. Halafu akaenda, akakaa kando yake, wakabaki wamekaa hivyo, na sisi wengine tukaona aibu tukaondoka.

Funzo, maana najua mtalidai. Kabla hujatafuta driver, hakikisha kifaa kipo. Jina kwenye screen si kifaa. Inama, zunguka nyuma, shika kwa mkono wako, koti halitachafuka. Na ukiona mtaalamu anayeona haya kushika tournevis, mpe chai, lakini mashine usimpe.

La pili linanihusu mimi na wenzangu, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Sheria yetu ya kutoulizana iliokoa mashine mara nyingi. Mtoto ingempoteza mara moja tu, na kwa Maman Numbi hiyo mara moja ingetosha.

Haya, uwanja ni wenu. Wajuzi wa kadi za zamani mnikosoe, watetezi wa mainjinia mnitukane kwa zamu. Na kama kuna mtu humu aliyewahi kupewa kitu akifiche wakati wa vita na bado anacho kwa sababu hakuna aliyemuuliza, mimi namuuliza sasa.